Cecil Kimber: Aliyelijenga jina la MG ndani ya kiwanda cha wenyewe

ANAYESAFIRI kutoka Nairobi kuelekea Thika hupita Kasarani, Githurai, Ruiru na Juja kabla ya kuingia katika mji ambao kwa miaka mingi umesifika kwa viwanda na mashamba ya mananasi. Barabara hiyo kuu, iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, hujaa matatu, malori na magari madogo kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Ni wachache miongoni mwa abiria hao wanaokumbuka kwamba mwisho wa safari yao kuna kiwanda ambacho kazi yake ni kuunganisha magari.

Kiwanda hicho, kinachofahamika sasa kama Kenya Vehicle Manufacturers, kilianzishwa mwaka wa 1974 kwa jina la Leyland Kenya. Leyland lilikuwa jina la kampuni kubwa ya Uingereza ambayo wakati huo ilikuwa imekusanya chini ya paa moja majina mengi ya magari ya nchi hiyo: Land Rover, Austin, Morris, Triumph, Jaguar na, miongoni mwa yale madogo, MG.

MG lilikuwa jina la magari ya spoti: mafupi, mepesi, yenye viti viwili na yasiyo na paa la chuma. Aliyelikuza jina hilo hadi likajulikana kote duniani ni Cecil Kimber, mtu aliyefariki mwaka wa 1945, karibu miaka thelathini kabla ya Leyland kufika Thika. Hakuwahi kumiliki kiwanda alichokijenga, na hatimaye alifukuzwa humo. Maisha yake yanawahusu wakazi wa Thika na Ruiru zaidi ya inavyodhaniwa, kwa kuwa swali lililomsumbua ndilo linaloisumbua Kenya hadi leo: je, anayeunganisha gari kwa vipuri vya wengine aweza kuliita lake?

Mguu na fidia

Kimber alizaliwa jijini London mnamo Aprili 12, 1888. Babake, Henry Kimber, alikuwa katika biashara ya vifaa vya uchapishaji. Kijana huyo alisomea shule ya Stockport Grammar, kaskazini mwa Uingereza, kisha akaingia katika kazi ya familia kama ilivyokuwa desturi ya enzi hizo.

Hata hivyo, moyo wake haukuwa kwenye wino na karatasi. Ulikuwa kwenye pikipiki. Siku moja, akiwa juu ya pikipiki ya rafikiye, alipata ajali mbaya iliyouvunja mguu wake wa kulia. Kwa muda wa miaka miwili alipasuliwa mara kwa mara. Alipopona, mguu huo ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, naye akawa mwenye kuchechemea hadi mwisho wa uhai wake.

Ajali hiyo ilimfungia mlango mmoja na kumfungulia mwingine. Kwa kuwa pikipiki sasa ilimwia vigumu, alinunua gari dogo aina ya Singer mwaka wa 1913. Aidha, alilipwa fidia. Babake alimtaka aiwekeze fedha hiyo katika biashara ya familia, ambayo haikuwa ikienda vyema. Kimber alikataa. Baba na mwana wakagombana, na kijana akaondoka kwenda kujitafutia riziki kwenye viwanda vya magari.

Kwa miaka iliyofuata alihamahama. Alianza katika kampuni ya Sheffield-Simplex kama msaidizi wa mbunifu mkuu, akafanya kazi na AC, kisha akaingia Martinsyde, waundaji wa ndege, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea. Mwaka wa 1915 alimwoa Irene Hunt, ambaye walijaaliwa mabinti wawili. Baada ya hapo alijiunga na E. G. Wrigley, kampuni ya Birmingham iliyounda vipuri vya magari. Wrigley ilijitosa katika mradi wa gari jipya ambao uliporomoka, na Kimber akapoteza pesa zake mwenyewe humo. Alikuwa na zaidi ya miaka thelathini, hana mtaji, ana familia na mguu mbovu.

Mwenye duka la baiskeli

Mteja mmoja wa Wrigley alikuwa William Morris wa mji wa Oxford. Inafaa kumweleza mtu huyu, kwa sababu bila yeye hakungekuwa na MG, na kwa sababu ya yeye Kimber hakupata kumiliki kitu.

Morris, aliyezaliwa mwaka wa 1877, alianza akiwa barobaro wa kutengeneza baiskeli kwa mtaji wa pauni nne tu. Kutoka baiskeli alienda kwenye pikipiki, kisha kwenye gereji ya kukodisha, kukarabati na kuuza magari. Alipoanza kuunda gari lake mwenyewe, Morris Oxford la mwaka wa 1913, hakuunda kila kitu. Injini aliinunua kwa kampuni moja, ekseli kwa nyingine, magurudumu na bodi kwingineko. Kazi yake ilikuwa kuchagua vipuri vizuri, kubishana kuhusu bei na kuviunganisha kwa ustadi. Kwa lugha ya leo, Morris alikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari, kama kile cha Thika.

Tofauti ni kwamba jina lililokuwa mbele ya gari lilikuwa lake, na faida ilirudi kwake. Kadiri mauzo yalivyopanda ndivyo alivyowanunua wale waliomuuzia vipuri, mmoja baada ya mwingine. Hatimaye aliinunua hata Wrigley yenyewe.

Gereji yake ya awali ilisalia kuwa biashara tofauti, ikiitwa Morris Garages. Kimber aliajiriwa huko mwaka wa 1921 kama meneja wa mauzo, na mwaka uliofuata akapandishwa cheo na kuwa meneja mkuu.

Nguo mpya kwa mwili ule ule

Kimber alitambua jambo ambalo fundi yeyote wa kuunda bodi za matatu hapa Kenya analifahamu fika. Mteja hulitazama gari kabla ya kulisikiliza. Chasi, yaani mifupa ya gari pamoja na injini na magurudumu, yaweza kuwa ile ile ya maelfu ya magari mengine, lakini bodi, rangi na umbo vikibadilishwa, abiria ataacha yaliyomtangulia na kulisubiri lile.

Basi alichukua chasi za kawaida za Morris, akaagiza bodi nyepesi na za kupendeza kwa mafundi wa nje, akazishusha springi ili gari likae karibu na ardhi, na kuziuza kwa bei ya juu kidogo. Mwaka wa 1923 yeye mwenyewe aliendesha moja ya magari hayo katika mashindano ya barabara mbovu na milima kuelekea Land's End, kusini magharibi mwa Uingereza, na akapata medali ya dhahabu.

Muda si muda magari hayo yakapewa alama yake: herufi M na G, kifupi cha Morris Garages, ndani ya umbo la pembe nane. Alama hiyo ilisajiliwa mwaka wa 1924. Kimber aliipenda mno, hata pembe nane zikaonekana kwenye saa na vifuniko vya gari, mahali ambapo wengine wangetumia duara.

Mwaka wa 1925 aliunda gari jembamba la mashindano, likiwa na injini iliyonolewa kwa mikono, na akalipeleka tena katika njia ya Land's End. Kwa mara nyingine alitunukiwa dhahabu. Gari hilo limehifadhiwa na huitwa Namba Moja, japo magari mengine yenye jina la MG yalikuwa yamelitangulia.

Karakana haikukaa mahali pamoja. Ilianzia katika kijia chembamba mjini Oxford na kuhama kila ilipozidiwa na kazi. Hatimaye, mwaka wa 1929, MG ilitua katika mji mdogo wa Abingdon, kwenye majengo yaliyokuwa ya kiwanda cha ngozi. Hapo ndipo ilipodumu kwa nusu karne.

Gari dogo, sifa kubwa

Katika maonyesho ya magari ya London mwaka wa 1928, Kimber alizindua gari lililoibadilisha biashara yake. Lilipewa jina la Midget. Morris alikuwa ametoa gari dogo la bei nafuu lenye injini ya sentimita 847 za ujazo. Kimber alichukua mifupa ya gari hilo, akaivisha bodi ya mbao na kitambaa yenye mkia uliochongoka, na kuliuza kwa pauni 175. Kabla ya hapo, gari la spoti lilikuwa anasa ya matajiri. Sasa karani, mwalimu au fundi mwenye akiba yake angeweza kulifikiria. Zaidi ya Midget 3,000 za aina hiyo ya kwanza ziliundwa.

Kimber aliamini kuwa hakuna tangazo lililoshinda ushindi. Februari 1931, dereva George Eyston aliendesha MG yenye injini ya chini ya sentimita 750 za ujazo kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa, sawa na kilomita 161. Hakuna gari la kiwango hicho lililokuwa limewahi kufanya hivyo. Mwaka wa 1933 kikosi cha MG kilikwenda Italia na kunyakua tuzo ya timu katika mbio za Mille Miglia, zilizopita barabara za kawaida kwa karibu kilomita 1,600. Mwaka huo huo, bingwa wa Italia, Tazio Nuvolari, alishinda mashindano ya Tourist Trophy huko Ireland Kaskazini akiwa ndani ya MG.

Kiwanda kilichoyafanya hayo kilikuwa kidogo sana kikilinganishwa na vile vya Ujerumani, Ufaransa na Italia. Wafanyakazi walifahamiana kwa majina, na meneja wao aliyechechemea alijulikana kwa kupenda kushika usukani mwenyewe na kulijaribu gari kabla ya mteja.

Mwenye hisa ndiye mwenye neno

Lakini nguo ya kuazima haisitiri. MG ilikuwa kampuni yenye jina lake na kiwanda chake, na Kimber alikuwa mkurugenzi mkuu. Mwenye mali, hata hivyo, alikuwa Morris peke yake, ambaye mwaka wa 1934 alitunukiwa cheo na kuanza kuitwa Lord Nuffield. Alimwachia Kimber nafasi ya kufanya atakavyo, ila nafasi hiyo haikuwa na hati.

Mnamo Julai 1935, Nuffield aliiuza MG kwa kampuni yake nyingine kubwa, Morris Motors. Kwake yeye ilikuwa sawa na kuhamisha pesa kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Kwa Kimber ulikuwa mwisho wa uhuru. Meneja mkali aliyeitwa Leonard Lord alitembelea Abingdon, akatazama gharama za idara ya mashindano na kuifunga. Kazi ya ubunifu ikahamishiwa makao makuu. Kimber akashushwa kutoka mkurugenzi mkuu hadi meneja aliyepokea amri kutoka mbali.

Ukweli usemwe: Lord hakuwa amekosa sababu. Mashindano yalimeza fedha nyingi, na aina za MG zilikuwa zimezidi kuwa nyingi kuliko wateja. Gari lililoundwa kwa amri mpya mwaka wa 1936 lilitumia injini ya kawaida ya Morris, likanung'unikiwa na mashabiki, kisha likauzika vizuri. Kilichopotea hakikuwa faida. Ni mamlaka ya aliyekuwa akijua kwa nini watu walilipenda gari hilo.

Kimber alivumilia. Mwaka wa 1938 mkewe Irene alifariki baada ya kuugua, naye akaoa tena mwaka huo huo. Mei 1939, kwenye barabara kuu ya Ujerumani karibu na Dessau, Goldie Gardner aliendesha MG ya injini ya sentimita 1,100 za ujazo kwa kasi iliyopita maili 200 kwa saa, takriban kilomita 327. Miezi minne baadaye nchi hizo mbili zilikuwa vitani.

Kufukuzwa na kufariki

Vita vilipoanza, uundaji wa magari ya spoti ulikoma na kiwanda cha Abingdon kikabaki bila kazi. Kimber hakusubiri kuagizwa. Alizunguka mwenyewe kutafuta kandarasi za serikali, na akafaulu kupata ile ya kutengeneza sehemu ya mbele ya ndege ya kivita ya Albemarle. Wafanyakazi wake walipata kazi na taifa likapata ndege.

Wakubwa wake hawakufurahi. Kwa maoni yao, meneja wa tawi hakuwa na ruhusa ya kujitafutia kandarasi bila idhini ya makao makuu. Mnamo Novemba 1941, Miles Thomas, aliyekuwa akisimamia shughuli za Nuffield, alimtaka ajiuzulu. Hivyo ndivyo miaka ishirini ya utumishi wake ilivyokatika. Hakuwa na hisa za kuuza, na jina alilolipamba lilibaki kwenye jengo alilolihama.

Alipata kazi kwingine, kwanza kwa waundaji wa bodi, Charlesworth, kisha kwa kampuni ya pistoni iliyoitwa Specialloid. Jioni ya Februari 4, 1945, alipanda treni ya kwenda Leeds katika kituo cha King's Cross, London, kwa safari ya kikazi. Reli zilikuwa telezi na treni ilikuwa nzito. Ndani ya handaki lililo nje kidogo ya kituo, magurudumu ya injini yaliteleza, na treni ikaanza kurudi nyuma taratibu huku dereva asitambue kwa sababu ya giza. Behewa la mwisho liliacha reli na kugonga mlingoti wa taa za ishara. Abiria wawili walifariki. Mmoja wao alikuwa Kimber, mwenye umri wa miaka 56.

Baada ya mwasisi

Mavuno yalikuja baada ya mkulima kuzikwa. Mwaka huo huo wa 1945 Abingdon ilitoa aina ya TC, na magari 10,000 yakaundwa kabla ya mwaka wa 1950, mengi yakiuzwa ng'ambo. MGA ya mwaka wa 1955 ilipita 100,000. MGB, iliyoundwa kati ya mwaka wa 1962 na 1980, ilipita nusu milioni.

Wakati huo, wamiliki walizidi kubadilika na kuwa wakubwa. Mwaka wa 1952 kampuni ya Nuffield iliungana na Austin. Mwaka wa 1968 muungano huo ukaingia ndani ya British Leyland, ambako Land Rover pia ilikuwa. Kwa njia hiyo MG ya Abingdon na Land Rover zilizounganishwa Thika zikawa watoto wa baba mmoja.

Na baba huyo alikuwa na madeni. Septemba 1979, wakazi wa Abingdon walisherehekea miaka 50 ya kiwanda chao kwa gwaride la magari. Sherehe zilipokwisha tu, Leyland ilitangaza kukifunga. Gari la mwisho lilitoka Oktoba 1980. Uamuzi haukufanywa Abingdon, kama ambavyo uamuzi wa mwaka wa 1935 na ule wa 1941 haukufanywa huko. Jina lenyewe lilipita mikono kadhaa hadi kampuni ya MG Rover ilipofilisika mwaka wa 2005 na kununuliwa na Wachina. Herufi mbili na pembe nane za Kimber sasa zimo kwenye magari ya kampuni ya SAIC ya Shanghai, mengi yakiwa ya umeme.

Thika ina lipi la kujifunza?

Kiwanda cha Thika kilinusurika kwa kuwa wenyeji walikuwa na sehemu yake. Serikali ya Kenya ilikuwa na asilimia 35 ya hisa, na zilizosalia zikawa za kampuni mbili za kuuza magari nchini, CMC na D. T. Dobie. Jina la Leyland lilipoondoka, milango haikufungwa. Hata hivyo, ilipita miaka ya ukame. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yalifurika nchini, na kuunganisha gari jipya kukawa biashara ngumu. Desemba 2016 Volkswagen ilirejea na kuanza kuunganisha Polo Vivo mjini Thika. Peugeot ilifuata mwaka wa 2017, kisha yakaja mabasi ya umeme ya BasiGo.

Kwa upande mwingine, Kenya iliwahi kujaribu njia ya pili, ya kuunda kila kitu yenyewe. Mwaka wa 1986 Rais Daniel arap Moi aliutaka Chuo Kikuu cha Nairobi kubuni gari la Kenya. Magari matano ya majaribio ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa Kasarani mwaka wa 1990, lakini mradi huo haukufika sokoni kwa kukosa fedha.

Maisha ya Kimber yanaonyesha kwamba kuna njia ya kati. Hakuunda injini yake mwanzoni, wala chasi. Alianza na vya watu, akaongeza alichokijua, akaweka alama yake na kuithibitisha barabarani. Mafundi wa kuchomelea, wa rangi na wa bodi walioko Ruiru na Thika hawana upungufu wa ustadi huo. Kuunganisha si aibu. Hata Morris alianzia hapo.

Alichokosa Kimber ni kile alichokuwa nacho Morris tangu siku za baiskeli: hati ya umiliki. Kila kampuni mpya inapokuja Thika, magazeti huhesabu nafasi za kazi na idadi ya magari yatakayotoka kwa mwaka. Ni vyema pia kuuliza hisa ni za nani, michoro inawekwa wapi, na ni nani atakayekuwa mezani siku ya kuamua kufunga. Watu wa Abingdon walilijua gari lao kuliko mtu yeyote duniani, lakini siku hiyo hawakuwa na kiti.